Nimetuma msimbo, wamekaa kimya: nimekosea wapi?

*Swali: Mimi ni afisa wa TEHAMA katika hospitali ya kaunti magharibi mwa Kenya. Tunatumia programu huria (ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote) ya kumbukumbu za wagonjwa, ile inayofunguliwa kwenye kivinjari. Karani wa masjala akimtafuta mgonjwa anayeitwa Ng'ang'a au Nyang'au, mara anampata, mara hampati, na asipompata anamfungulia faili jipya. Nilichunguza kwa wiki mbili nikagundua kisa ni ile alama ya ng': vishikwambi vyetu vinaandika alama iliyopinda, kompyuta za mezani zinaandika iliyonyooka. Nikarekebisha, nikatuma ombi la kuunganisha (pull request), yaani kuwaomba wenye programu waingize mabadiliko yangu, kwenye GitHub, mtandao wanakotunzia msimbo, pamoja na picha ya skrini inayoonyesha tatizo. Leo ni siku ya 26 na hakuna aliyenijibu. Kuna kidoti cha manjano kinachosema kinasubiri idhini, na mahali pengine panasema nimebadilisha faili 61, ingawa mimi nakumbuka kugusa mbili tu. Mwenzangu ananicheka. Anasema nawafanyia Wazungu kazi ya bure, na kwa Kiingereza changu hawatanijibu kamwe. Nimekosea wapi? Niendelee, au nibaki na marekebisho yangu hapa hapa hospitalini?*

Dada yangu, kabla sijakujibu ulichouliza, naomba ufungue lile ombi sasa hivi uitazame ile picha ya skrini. Je, ina jina la mgonjwa halisi, namba yake ya faili, au tarehe yake ya kuzaliwa? Kama lipo hata moja, liondoe leo. Kufuta picha kwenye maelezo hakutoshi, kwa sababu GitHub huhifadhi matoleo ya zamani ya maelezo na mtu yeyote anaweza kuyafungua. Fungua historia ya mabadiliko ya maelezo hayo, ufute toleo lenye picha, kisha uwaandikie huduma ya wateja ya GitHub waiondoe picha yenyewe kwenye seva zao. Halafu nenda ana kwa ana kwa anayesimamia ulinzi wa data hospitalini kwenu umweleze kilichotokea. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti, na pale panapokuwa na hatari ya kweli kwa mwenye data, taasisi ina saa 72 za kumjulisha Kamishna. Kama suala lako limefikia hapo au la, si wewe wa kuamua peke yako usiku ukiwa na wasiwasi. Kosa hili ni la kawaida kuliko watu wanavyokiri, ila wengi huliacha likae. Siku nyingine piga picha ya mgonjwa wa kubuni kwenye seva ya majaribio.

Sasa tuje kwa kilichokuumiza, yaani ule ukimya.

Unahisi umegonga mlango, umesikia watu ndani wakizungumza, na hakuna aliyesema karibu. Mimi naona jambo tofauti kidogo. Hukupiga hodi. Uliingia hadi jikoni ukaweka sufuria juu ya meko. Katika miradi mingi ya namna hii, hodi ni tiketi, yaani taarifa unayoandika kwenye orodha ya matatizo ya mradi: unaeleza tatizo kwanza, unasema ungependa kulishughulikia, unasubiri mtu aseme ndiyo au aseme hilo linafanyiwa kazi kwingine. Sitautaja mradi wako, lakini nitakupa mfano wa OpenMRS, mradi huria wa kumbukumbu za wagonjwa, kwa sababu nimeishi nao miaka mingi. Pale tiketi hupitia hatua, na kuna hatua inayosema waziwazi kwamba tiketi iko tayari kufanyiwa kazi. Mgeni anachagua tiketi ya hatua hiyo, anajiandikisha kuwa ndiye anayeishika, na jina la ombi lake linabeba namba ya tiketi. Ombi lisilo na tiketi halikatazwi, lakini linamfikia msimamizi, yule anayeamua msimbo gani uingie kwenye mradi, likiwa yatima: hajui limetoka wapi, linatatua nini, wala nani mwingine analitaka.

Kile kidoti cha manjano hakikuhusu wewe binafsi. Tangu mwaka 2021, GitHub haianzishi majaribio ya otomatiki, yaani vipimo ambavyo mashine huviendesha kuukagua msimbo, ya mchangiaji wa mara ya kwanza mpaka msimamizi abonyeze kitufe cha kuruhusu. Sababu yake ni wezi. Watu walikuwa wanatuma maombi ya uongo ambayo ndani yake yana programu za kuchimba sarafu za kidijitali, wakitumia kompyuta za bure za GitHub kwa faida yao. Kwa hiyo kidoti chako kinasema tu kwamba hakuna aliyekifungulia bado. Majaribio hayajafeli, hayajaanza hata kidogo.

Zile faili 61 ndizo nadhani zilizomfanya msimamizi afungue ombi lako, avute pumzi, alifunge aende akanywe chai. Wewe uligusa mbili kweli. Nyingine 59 huenda zimeguswa na kihariri chako, programu unayoandikia msimbo. Kuna mpangilio unaokipanga msimbo upya kila unapohifadhi: unabadilisha nafasi, nukuu moja kuwa mbili, mkato wa mwisho wa mstari. Kwenye Windows, hata alama isiyoonekana ya mwisho wa mstari inaweza kubadilika faili nzima. Kwa macho yako hakuna kilichobadilika. Kwa Git, programu inayofuatilia mabadiliko ya msimbo, kila mstari ni mpya. Anayekagua analazimika kusoma maelfu ya mistari akitafuta ile kumi yenye maana, na hawezi kuruka hata mmoja.

Kwa nini hawezi kuruka? Hapa ndipo wageni wengi wanapopotea, na mimi nilipotea hapo hapo. Tunadhani msimamizi ni mtu anayepokea michango, na mchango mzuri ukija atafurahi. Mfikirie mpishi wa shughuli aliyekabidhiwa masufuria ya pilau ya watu mia tatu. Unafika na bakuli lako la viungo, umetwanga mwenyewe, una nia njema kabisa. Anachotaka kujua yeye ni kama atakuwa na jibu wageni wakianza kushika matumbo, wakati wewe umeshapanda matatu umekwenda zako. Msimbo ukishaunganishwa ni wake. Ukiharibika mwaka ujao katika kliniki usiyoijua, ni yeye atakayeamshwa.

Na wasimamizi wamewahi kuumizwa. Oktoba 2020, kampuni ya DigitalOcean ilikuwa ikitoa fulana kwa yeyote aliyetuma maombi manne kwenye miradi huria katika kampeni yake ya kila mwaka. Wasimamizi duniani kote wakafurikiwa na maombi ya watu walioongeza neno moja la sifa kwenye faili la maelezo ili wapate fulana. Ndani ya siku chache waandaaji walilazimika kubadilisha kanuni, ikawa miradi inayokubali kushiriki tu ndiyo inayohesabiwa. Machi 2024 yakaja mabaya zaidi: ikagundulika kwamba mtu aliyetumia jina la Jia Tan alikuwa amejenga uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili katika mradi mdogo wa kubana faili unaoitwa xz, akakabidhiwa usimamizi, kisha akapachika mlango wa siri. Aliyemfichua, Andres Freund, alianza kwa kushangaa kwa nini kuingia kwenye seva kulichelewa kwa kama nusu sekunde. Msimamizi wako anayasoma hayo kama dereva anavyosoma habari za ajali. Kisha anaona jina asilolijua, faili 61, na kichwa cha habari ambacho, nabahatisha, kinasema tu kwamba umerekebisha tatizo.

Kiingereza chako hakina uzito mwenzako anaodhani. Nimekagua maombi yenye Kiingereza kilichovunjika yakapita siku hiyo hiyo, na yenye Kiingereza cha hotuba yakakaa miezi. Sentensi fupi nne zinatosha: ukifanya hivi, unaona hivi, ulitarajia hivi, sababu ni hii. Hakuna anayetafuta mwanafasihi.

Kuhusu kuwafanyia Wazungu kazi ya bure, mwambie mwenzako aende Eldoret. OpenMRS ilizaliwa baada ya madaktari wawili wa Regenstrief, taasisi ya utafiti ya Marekani, Burke Mamlin na Paul Biondich, kufika pale mwaka 2004 kuangalia jinsi mpango wa matibabu wa AMPATH ulivyokuwa ukihangaika kufuatilia wagonjwa wa UKIMWI waliokuwa wakiongezeka kila mwezi. Leo KenyaEMR na UgandaEMR, mifumo ya kumbukumbu za wagonjwa ya Kenya na Uganda, zote zimejengwa juu yake, na baadhi ya wanaoukagua msimbo wake wako Nairobi na Kampala. Ila sitakudanganya: kazi hii kweli hailipwi, na baadhi ya wanaofaidika nayo ni mashirika yenye fedha. Ukiifanya kwa kutarajia kwamba ombi moja likipita simu ya ajira italia, utachoka mapema. Wapo wanaopata kazi kupitia njia hii, lakini baada ya muda mrefu wa kuonekana. Ukitaka kujifunza huku unalipwa, itazame Outreachy, ambayo humlipa mwanagenzi dola 7,000 kwa miezi mitatu, na ambayo kwenye maombi yake inakutaka uwe umechangia kitu kwanza. Google Summer of Code ni njia nyingine.

Turudi kwenye alama yako, maana umegundua jambo zuri na nataka ulifikishe. Alama iliyonyooka na iliyopinda ni herufi mbili tofauti kabisa katika Unicode, orodha inayoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta: namba 39 na namba 8217. Kwa binadamu ni kitu kimoja. Kwa hifadhidata, Ng'ang'a wa kompyuta na Ng’ang’a wa kishikwambi ni watu wawili, kama Otieno na Atieno. Mtu wa Oslo au Boston angeweza kuukagua msimbo huo miaka kumi asiwaze, kwa sababu hakuna jirani yake anayeitwa Nyang'au. Na madhara yake si ya mezani: mgonjwa wa dawa za ARV mwenye faili mbili anaonekana katika moja ameacha dawa na katika nyingine ndiye kwanza anaanza.

Lakini naomba unijibu: umerekebisha wapi? Nadhani umeweka mstari kwenye kisanduku cha kutafutia, unaogeuza alama iliyopinda kuwa iliyonyooka kabla ya kutuma. Hilo litamsaidia karani anayetafuta kwa kishikwambi mgonjwa aliyeandikwa kwa kompyuta. Je, yule aliyeandikwa kwa kishikwambi tangu mwanzo? Jina lake limo kwenye hifadhidata likiwa na alama iliyopinda, na sasa umehakikisha kwamba hatapatikana kwa njia yoyote. Tena kuna mifumo mingine inayoingiza majina bila kupitia kisanduku chako, kama inavyofanya maabara. Dawa inayodumu iko upande wa seva: jina lisawazishwe linapohifadhiwa, na neno la kutafuta lisawazishwe kwa kanuni ile ile. Na majina ya zamani je, yabadilishwe yote kwa mkupuo, au yaachwe na utafutaji ndio uwe mvumilivu? Mimi ningechagua utafutaji mvumilivu, kwa kuwa kubadilisha jina la mtu kwenye kumbukumbu za hospitali bila yeye kujua ni jambo zito. Wengine watakupinga, na wana hoja. Mjadala huo ndio unaopaswa kufanyika kwenye tiketi kabla hujaandika hata mstari mmoja, na ndiyo maana nasisitiza hodi.

Kisha andika jaribio. Hili ndilo litakalomgeuza msimamizi kuliko barua yoyote. Jaribio linamsajili Ng’ang’a wa kubuni kwa alama iliyopinda, linamtafuta kwa iliyonyooka, linadai apatikane. Liendeshe kabla ya marekebisho yako, lifeli. Liendeshe baada yake, lipite. Msimamizi akiona hivyo hana haja ya kukuamini wewe, anaiamini mashine. Na kesho mtu mwingine akiivunja kanuni yako bila kujua, jaribio litapiga kelele hata kama wewe umeshahama nchi.

Kusafisha lile ombi si kazi kubwa. Usihangaike kurudisha faili 59 moja moja. Zima kwanza ule upangaji wa kila unapohifadhi, chukua toleo jipya la tawi kuu (msimbo rasmi wa mradi), fungua tawi jipya (nakala yako ya kufanyia kazi), halafu hamishia mistari yako tu. Amri ya `git add -p` inakuonyesha kila kipande na kukuuliza kama unakitaka, nawe unajibu kama mtu anayechambua mchele. Kabla ya kutuma, soma tofauti zote kwa macho yako mwenyewe. Mstari usioweza kuueleza, uondoe. Ikiwa bando ndilo linalokubana, nakili ghala la msimbo kwa `--depth 1` ili usibebe historia ya miaka yote. Uliza pia kama mradi wako, kama inavyofanya OpenMRS kwa upande wa mbele wa toleo lake jipya, unaruhusu kuendesha sehemu unayoibadilisha tu huku ukitumia seva ya majaribio ya mradi. Hiyo inaokoa usiku mzima wa kusakinisha hifadhidata.

Kuna jambo dogo linalowanasa Waswahili hasa: tunaona neno limetafsiriwa vibaya kwenye skrini, tunafungua faili la tafsiri na kulisahihisha. Katika miradi mingi, OpenMRS ikiwamo, faili la Kiingereza tu ndilo linaloguswa ndani ya msimbo. Lugha nyingine zinatafsiriwa kwenye Transifex, tovuti ya kutafsiria programu, na kuletwa kwa otomatiki, kwa hiyo marekebisho yako yatafutwa kesho yake bila mtu kukusudia.

Hukuuliza kuhusu akili mnemba, lakini kwa kuwa mabadiliko yasiyotarajiwa mara nyingi hutoka huko pia, nitasema. Itumie ikueleze msimbo usioufahamu, ikusaidie hata Kiingereza. Lakini ukituma msimbo ambao ukiulizwa kwa nini mstari wa nane uko vile unarudi kuiuliza mashine, unamfanya msimamizi azungumze na mashine kupitia kwako, na hilo wanaligundua haraka. Angalia kanuni za mradi. Baadhi hutaka useme umeitumia, na mingine haiitaki kabisa.

Sasa swali lako la mwisho, kuendelea au kubaki na kiraka chako hospitalini. Kiraka cha ndani kina faida moja kubwa: kinafanya kazi leo. Hasara yake utaiona siku timu ya mfumo ikileta toleo jipya, litakapokifuta kimyakimya, na pengine wewe utakuwa umehamishwa na hakuna anayekumbuka kwa nini Ng'ang'a amepotea tena. Kunakili mradi mzima uuendeshe kivyako leseni inakuruhusu, lakini mtu mmoja hawezi kubeba usalama wa mfumo wa wagonjwa. Kuna njia ya katikati ambayo wengi huisahau. Kama mfumo wenu ni toleo la kitaifa lililojengwa juu ya mradi mkubwa, tatizo linaweza kuwa kwenye tabaka la kitaifa, si kwenye mradi mkubwa wenyewe. Lijaribu kwenye seva ya maonyesho ya mradi mkubwa, kwa jina la kubuni. Likitokea na huko, lipeleke kwenye mradi mkubwa. Lisipotokea, anayepaswa kulisikia ni timu ya kitaifa, na hao unaweza kuwapigia simu kwa Kiswahili.

Ningekuwa wewe ningeendelea, ila mara moja tu, kwa njia iliyonyooka, na wakati huohuo ningewafundisha makarani kutafuta kwa namba ya simu au kitambulisho kabla ya kufungua faili jipya. Usiiguse seva inayotumika bila ruhusa ya maandishi. Ukifungua tiketi na ombi jipya, subiri siku saba hadi kumi, kisha andika mstari mmoja wa adabu ukiuliza kama kuna kinachokosekana. Usiwataje watu watano kwa mpigo. Wiki tatu zikipita, hudhuria mkutano wa wazi wa mradi mtandaoni kama wanao, useme jina lako na namba ya tiketi. Na uangalie kama kuna ombi la mtu yeyote lililounganishwa miezi mitatu iliyopita. Kama hakuna, mradi umelala. Huo si ujumbe kwako, na hapo kiraka cha ndani kilichoandikwa vizuri ndicho kilichobaki.

Mambo mawili yanahitaji mtu wa kukaa naye mezani. La kwanza ni mkataba wako wa kazi: kama msimbo umeuandika saa za kazi kwa kompyuta ya kaunti, unaweza usiwe wako wa kutoa. Mwone mkuu wako na mwanasheria wa kaunti, upate ruhusa kwa maandishi. La pili ni ukikuta siku moja tatizo linalomruhusu mtu kuona faili asizostahili kuziona. Hilo usiliandike kwenye tiketi ya wazi hata kidogo. Kila mradi makini una njia ya faragha ya kuripoti udhaifu wa usalama, na mtu wa kwanza wa kumwambia hospitalini ni yule yule uliyemwendea kuhusu picha.

Ukishatuma jipya, rudi kwenye lile la siku 26 ulifunge mwenyewe, kwa sentensi moja inayoelekeza kwenye ombi jipya. Msimamizi anayefungua orodha yake asubuhi na kukuta limepungua moja bila yeye kufanya chochote, hulikumbuka jina la aliyelipunguza.